Ule Moshi Mlioushangilia Ulikuwa wa Amplifaya

Kwa kuwa Kaka Besi wa bendi yetu ameshaiweka kwenye status ile video yangu ya harusini na nusu ya Nsambya, hapa Kampala, imeshaitazama, acheni na mimi niseme yangu kabla haijafika Busia kwa mama. Wale mnaonitumia stika za nanasi lililovaa miwani, nimewaona. Endeleeni tu, Mungu si Athumani.

Kwanza kabisa, sikulia. Yale maji usoni ni munanasi, kinywaji cha nanasi. Pili, ule ukelele unaosikika kwenye video ni wa spika. Sehemu kubwa ni ya spika.

Harusi yenyewe mnaijua. Makindye, Jumamosi, bibi harusi wa Kikongo, bwana harusi wa kwetu mpakani, kwa hiyo shughuli nzima inakwenda kwa Kiswahili ili pande zote zisikie zinavyosifiwa. Bendi ndiyo sisi wa kanisani. Mashati ya kitenge ya sare, suruali ya kitenge pia, maana mshonaji alikuwa na kitambaa kilichobaki.

Amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa langu, si yangu. Ni ya Papa, mzee wetu wa kwaya. Ya zamani, ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kwa ndani. Papa akiipakia garini huifunga mkanda kiti cha mbele, Maman, mkewe, anakaa nyuma. Siku anaponikabidhi aliniambia neno moja tu: "Mwanangu." Akaniangalia. Akaingia ndani akafunga mlango.

Kwa msiojua mambo haya: amplifaya ya transista ukiiwasha inalia papo hapo, haina maringo. Ya valvu lazima ipashwe moto kwanza, na ikishapata moto, vile vioo vya ndani ukivigusa unaacha ngozi. Ndiyo maana kwa juu, nyuma ya mpini, kuna wavu wa kutolea joto. Huo wavu naomba muukumbuke.

Sasa, jagi. Kaka Besi anasema mimi ndiye niliyeliweka. Uongo mchana kweupe! Tulikuwa tumeiinua amplifaya juu ya kreti ya soda, ikawa usawa wa kiuno, bapa, nzuri, inakaribisha. Nionyesheni mpiga gitaa mmoja Uganda hii ambaye amplifaya yake haijawahi kuwa meza. Pale juu nimeshakuta simu, helmeti ya boda, sahani ya pilau, na siku moja kule Katwe mtoto wa watu amelala fofofo katikati ya mapambio. Basi mama mmoja wa kamati ya vinywaji akaona tumekaukiwa makoo, akatuletea jagi zima la munanasi, ule wa kuchemsha maganda na tangawizi, sukari ya kumwaga, ukapozwa kwenye barafu. Akaliweka pale. Nikasema, "Asante, mama." Ndiyo, nilisema. Hiyo sehemu imo kwenye video na Kaka Besi ameipunguza mwendo ili kila mtu asome midomo yangu.

MC akaita maharusi waje kwenye keki. Sebene likaanza, ule mwendo wa kasi wa magitaa ya Kikongo.

Ndugu zangu, siku ile vidole vilikuwa vimebarikiwa. Wakongo wameanza kuinuka mezani, kina mama wameshika vitambaa, mtoto wa bwana harusi wa kwanza (msiulize) anazunguka katikati. Na kuna kugeuka kule, wapiga solo mnakujua: unainua kichwa cha gitaa juu, unapinda mgongo, unafumba macho ili watu waone kwamba unaumia. Nikageuka.

Nikasikia *tik*.

Nikafumbua jicho moja. Kichwa cha gitaa kilikuwa kimebusu jagi, na jagi limesimama kwa ukingo wake, linafikiri. Lilikuwa linaelekea nje, upande wa majani. Lingeachwa, lingeangukia majani, na leo ningekuwa nalala usingizi. Lakini mkono wa kushoto uko kwenye nyuzi, wa kulia uko kwenye nyuzi, na ule mdundo nilikuwa nimeufikisha mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hawezi kuuacha. Kikabaki kiungo kimoja kisicho na kazi.

Nikatoa mguu.

Kaka Besi anasema nimepiga teke. Niliisogeza. Niliisogeza amplifaya kwa mguu ili iende kulipokea jagi. Ikaenda kweli. Jagi likabadili mawazo, likarudi ndani, likalala chali juu ya wavu.

Munanasi haukumwagika kwa haraka, hilo ndilo linaloniuma. Ulishuka taratibu kabisa, kwa adabu, kwanza juisi, kisha povu, kisha vipande vya tangawizi kimoja kimoja vikichungulia wavu kabla ya kuzama. Nikasikia *tssss*. Halafu *pa!* Hiyo ni valvu, kioo cha moto kimepokea kitu cha barafu. Halafu *pa!* nyingine. Halafu spika ikatoa mlio wa ndama aliyekanyagwa mkia, mrefu, wenye uchungu, na ajabu ni kwamba uliangukia kwenye ufunguo uleule tuliokuwa tunapiga. Mpiga kinanda akaitikia kwa kichwa kuonyesha amependa.

Kisha moshi. Mvuke kusema kweli, mweupe, mzito, unanukia nanasi na tangawizi, unapanda kutoka nyuma yangu hadi dari ya tenti.

Sasa hamjui kwamba wale watu wa mapambo walikuwa wamelipiwa mashine ya moshi na hawakutokea. MC alikuwa ameaibika tangu mchana. Alipouona, roho yake ikarudi. "Mabibi na mabwanaaa! Mooooshi!"

Vigelegele. Tenti nzima. Maharusi wakaacha njia ya keki wakaja kucheza mbele ya amplifaya inayokufa. Mpiga picha akalala kifudifudi.

Mimi nilijua la kufanya, msinidharau. Unachomoa plagi kwanza, hufuti, hutikisi, hushiki kitu chochote cha chuma kilicholowa. Ukutani kuna volti 240, na ndani ya kitu chenyewe cha valvu zinapita 400. Ndipo nikakumbuka kwamba nimekumbatia gitaa, nyuzi zake ni za chuma, na kwa njia ya waya zimeungana na kasha la chuma la ile amplifaya. Nikalirusha. Kamba ikanasa sikioni, likanizunguka, likatua mgongoni. Watu wakapiga makofi. Kuna binti alipiga mluzi.

Nikaruka kuelekea soketi. Na hapo, kati yangu na soketi, akasimama shangazi wa bwana harusi.

Gomesi ya dhahabu, lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda, mabega yamesimama wima, mshipi umefungwa mbele na ncha zake zinafagia, mkononi ana noti. Amekuja kunituza. Akachukua elfu kumi akaibandika kwenye paji la uso wangu, na kwa jasho na munanasi ikashika barabara. Akaanza kucheza. Nikienda kulia yupo, nikienda kushoto yupo. Na shangazi wa bwana harusi humsukumi, hata kama nyumba inaungua.

Nikamwambia kwa sauti, "Shangazi, moto!"

"Eeee mwanangu, moto kabisa!" Akabandika nyingine. Elfu tano, hii ikafunika jicho.

Ikabidi nicheze naye. Ile sehemu mnayosema "kaka alichanganyikiwa na furaha" ni mimi namzungusha shangazi wa watu kidogo kidogo kuelekea kwenye eksitensheni, nikiwa na jicho moja. Nikafika, nikainama kwa mtindo wa kucheza, nikapapasa. Plagi zote nyeupe, zote zinafanana, nani atajua ipi ni ya nani? Nikachomoa. Taa zikazima. Nikachomoa nyingine. Maikrofoni ya MC ikafa katikati ya neno "baraka". Nikachomoa zote.

Giza, mvuke, harufu ya nanasi. "Umeme umeendaaa!" Watu wakaanza kulaani watu wa umeme kwa lugha zote za pale. MC, bila maikrofoni, akaomba radhi kwa niaba ya nchi. Nami nikalaani pamoja nao, kwa sauti, na nikashukuru Mungu kwamba hakuna shahidi.

Kaka Besi alikuwa amewasha tochi ya simu. Nikadhani ananimulikia.

Mengine ni mafupi. Tukailaza kwa mgongo munanasi ukatoka. Mjomba mmoja akataka tuirudishe kwenye umeme "tuone kama bado inafanya", nikaikalia ili asiguse, suruali ya kitenge ikagandia pale hadi watu wa viti walipokuja kukusanya viti. Ninyi mnaoniandikia niiweke kwenye mchele: ni kitu cha kilo zaidi ya 20, mchele huo nani ananunua? Na mchele hautoi sukari. Maji matupu yangekauka yakaondoka, lakini sukari inabaki, inanata, inavuta unyevu na kupitisha umeme mahali usipotakiwa, na tindikali ya nanasi inakula shaba polepole.

Fundi wa Katwe hakuigusa mpaka alipozimaliza chaji kapasita, kwa maana zile zinaweza kuhifadhi umeme wa kukutupa ukutani hata ukiwa umechomoa. Kisha akaifungua, akanusa, akaita wenzake waje kunusa. Ameosha bodi kwa maji safi yasiyo na madini, halafu kwa alkoholi ya isopropili na mswaki, sasa imekaa mbele ya feni. Koni ya spika imepona. Valvu mbili zimekwenda, vidude vya kuzungushia sauti vinakwaruza, na chini ya bodi amekuta noti ya elfu tano imeganda. Ameihesabu kama malipo ya awali. Anasema itakuwa tayari Alhamisi, hakutaja ya mwezi gani.

Papa aliiona status kabla sijafika nyumbani. Alinituma ujumbe wa sauti. Dakika nzima anapumua tu. Mwishoni unasikia Maman kwa mbali akiuliza kama sasa anaweza kukaa mbele.

Na jana usiku nimepigiwa na namba nisiyoijua. Binamu wa bwana harusi, ana kwanjula yake, sherehe ya kujitambulisha ukweni, Desemba. Hataki bendi, bendi anayo. Anataka ule moshi wa nanasi, anasema mashine za kawaida hazina harufu. Akauliza bei. Nimemwambia laki tano, na amplifaya aje na yake.