Methadoni si unga kwa jina jingine

Kila asubuhi, Jumapili na Idi zikiwemo, mdogo wangu hupanda baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, kwenda hospitali ya Bombo kunywa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa unga, yaani heroini. Anakunywa mbele ya muuguzi, anatamka neno ijulikane kameza, kisha anarudi kuziba pancha kibandani kwake. Barazani wanasema kabadilisha unga kwa unga wa serikali. Shangazi naye anasema hivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Ubongo una vipokezi, yaani vituo vya kupokelea kemikali, vilivyowekwa kwa ajili ya endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea. Heroini huingia ubongoni upesi mno, ikageuka mofini na kuvikalia vipokezi hivyo. Mtu hujaa raha, mboni zinasinyaa, shingo inalegea. Baada ya saa chache inaisha, na neva zilizozoea kukandamizwa zinafumuka zote kwa pamoja. Hiyo ndiyo arosto. Nimeiona: miayo, kamasi, machozi, vinyweleo vimesimama ndani ya joto la Februari, miguu inarusha mateke usiku kucha. Sikubali mtu aniambie ile ni tabia mbaya tu.

Methadoni nayo hukalia vipokezi vile vile, sikatai. Lakini hupanda polepole na kukaa mwilini siku nzima na zaidi. Ikipimwa sawasawa, mdogo wangu hapandi mawinguni wala haanguki, kwa hiyo haamki akiwaza kete ya kwanza ataipata wapi. Anawaza spoku na tairi za watu.

Kabla ya hapo tulifanya walichotushauri wengi: tulimfungia chumba cha uani wiki tatu. Alitoka kanenepa, mama akapika pilau. Siku ya pili nikamkuta msalani, midomo imekuwa ya buluu, anavuta pumzi moja, kimya, kisha nyingine. Hakutumia zaidi ya zamani. Alitumia kiasi kile kile. Ila wiki zile tatu mwili ulishapoteza uzoefu, na shina la ubongo, linalotuamuru kupumua hata tukiwa usingizini, likalazwa na kete ambayo zamani isingemtikisa. Tulimbeba kwenye bajaji. Daktari alimdunga naloksoni, dawa inayoiondoa mofini kwenye vipokezi, akafumbua macho mimi bado nalia.

Ndiyo maana nikisikia mzazi anapanga kumfungia mwanawe, napiga hodi hata kama simjui. Kufungia hakuutibu ubongo, na siku mlango ukifunguliwa ndiyo siku ya hatari kuliko zote.

Huu ni mwaka wa pili. Juzi aliuliza lini atamaliza dozi, akaambiwa itapunguzwa kidogo kidogo wakati ukifika, asikimbilie. Shangazi, saa moja kasoro kesho atapita mlangoni kwako na ile baiskeli nyekundu. Muitikie salamu yake.