Mizani au tepu: Kenya ihesabuje unene?

Utafiti wa hali ya watu na afya, KDHS, wa mwaka 2014 ulisema asilimia 33 ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2022 ukasema 45. Ukiziweka namba hizo bega kwa bega utashika kichwa. Lakini hazikuhesabu watu walewale. Ya kwanza ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Ya pili ni ya miaka 20 hadi 49, maana wasichana wa 15 hadi 19, ambao wengi wao ni wembamba, walitolewa wakawekwa fungu lao. Unene umeongezeka, hilo halina ubishi: mwaka 2008-09 ilikuwa asilimia 25. Ila sehemu ya ongezeko hili la karibuni ilitengenezwa mezani kwa watakwimu, na anayeitaja bila kusema hivyo anatutisha bure.

Naanza hapo kwa sababu mjadala wa kupima unene siku hizi umegeuka kuwa kesi ya kipimo kimoja, BMI, ilhali mambo mengine yanapita pembeni bila kuulizwa.

Kesi yenyewe si ndogo. BMI ni uzito kwa kilo, ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Ukifika 25 uzito umezidi, ukifika 30 ni unene wa kupindukia. Aliyeianzisha hesabu hiyo miaka ya 1830, Mbelgiji Adolphe Quetelet, alikuwa mwanahisabati na mwanafalaki aliyekuwa akimtafuta mtu wa wastani. Wagonjwa hawakuwa shughuli yake. Sasa chukua wanaume wawili, kila mmoja ana mita 1.70 na kilo 78. Mmoja anasukuma mkokoteni pale soko la Wakulima tangu alfajiri. Mwingine yuko ofisini, mkanda umeshuka chini ya kitambi. Wote wawili wana 27 kasoro kidogo, na kijana wa mizani ya barabarani atawapa jibu moja. Mafuta yanayozunguka ini na matumbo, ambayo ndiyo yanayokaribisha kisukari na presha, mizani haiyaoni.

Ndiyo maana wapo wanaosema tuchukue tepu ya fundi cherehani tupime kiuno. Mwaka 2022 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliwashauri watu wazima wenye BMI chini ya 35 wapime kiuno pia, kisichozidi nusu ya urefu. Januari 2025, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology likasema BMI peke yake isitumike kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa. Kwa mtu mmojammoja mbele ya daktari, naona wamesema kweli.

Kwa nchi nzima ni habari nyingine. Mizani na kijiti cha urefu vinabebeka mpaka Turkana, hesabu ni ileile tangu mwanzo, na ukiitupa leo unatupa pia uwezo wa kulinganisha na miaka ya nyuma. Makosa ya mwenye misuli kuitwa mnene hayaharibu sana wastani wa maelfu ya watu.

Tena tepu si mkombozi. Inapita wapi hasa? Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Wengine huipitisha juu kabisa ya mfupa wa nyonga. Mtu amevuta pumzi au ameitoa? Na nani atamwambia mama wa Garissa afungue nguo ili mpimaji mgeni, pengine mwanamume, amzungushie tepu? Urefu nao una vituko vyake, lakini ni vidogo: mwanamke wa kilo 77 na mita 1.60 ana BMI ya 30 na ushee, yuko kwenye unene wa kupindukia. Mpimaji akisahau rasta zilizofungwa utosini akaandika 1.62, mama amerudi 29.3 bila kupunguza hata gramu. Kosa la namna hiyo mafunzo hulitibu.

Gumu zaidi ni mpaka wa kiuno, ule ambao ukivukwa hatari inaanza. Sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake ni vipimo vya Wazungu, na Shirikisho la Kisukari la Kimataifa lenyewe lilisema Waafrika waviazime mpaka vipatikane vyao. Uchambuzi mmoja wa takwimu za nchi kadhaa za kusini mwa Sahara uliona hatari inaanzia karibu sentimita 81 kwa jinsia zote mbili. Kama ni kweli, mwanaume mwenye kiuno cha 90 anaambiwa yuko salama huku sukari ikimpanda.

Na huyo mwanaume ni mmoja wa wanaopita pembeni bila kuulizwa. Tafiti za aina ya KDHS zilianza kwa ajili ya uzazi na afya ya mama na mtoto, kwa hiyo mizani yake ililenga wanawake wasiozidi miaka 49. Mama wa miaka 58 hahesabiwi. Tulipopima watu wazima wa miaka 18 hadi 69, katika utafiti wa 2015 wa STEPS, unaopima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, tulipata wenye uzito uliozidi au unene ni asilimia 27: wanawake 38.5, wanaume 17.5. Picha hiyo ndiyo tunayoihitaji, na ina zaidi ya miaka kumi.

Mapema 2025 Marekani iliukatiza mpango wa DHS, uliokuwa ukizisaidia nchi nyingi kufanya tafiti za aina ya KDHS, hivyo itabidi fedha zitafutwe kwingine. Ningekuwa na sauti, fedha hizo zingeenda kwanza kwenye STEPS mpya: BMI kwa wote mpaka miaka 69, kiuno kipimwe na mpimaji wa jinsia ileile, na sukari ya damu ipimwe kwa watu haohao. Bila hiyo sukari, hatutajua mpaka wetu ni 94, 81 au namba nyingine kabisa.