Kashfa Yangu Haina Milioni

Jamani, mtu wa kawaida hapa Nairobi akikashifiwa apeleke wapi kilio chake? Nauliza kwa sababu juzi nilisema pale kibandani tukinywa chai, "Keateka, yule msimamizi wa nyumba tunazopanga, amenikashifu mbele ya watu," kikombe cha jamaa mmoja kikakwama hewani. "Kashfa? Wewe? Ya milioni ngapi?"

Kumbe mjini humu kashfa ni mali ya wakubwa. Ukiitaja, watu wanawaza Goldenberg, ile dhahabu ya miaka ya 1990 ambayo Serikali iliilipia fidia ya kuuzwa nje ilhali dhahabu yenyewe haikuonekana. Wanawaza Anglo Leasing, kampuni hewa iliyopewa mkataba wa pasipoti. Aliyenielewa ni fundi cherehani peke yake, mtu wa Pwani. Kwao, mtu akikuvua nguo kwa ulimi barazani amekukashifu, hata kama mfukoni huna ndururu. Akaongeza kuwa asili ya neno hilo ni Kiarabu, kufunua kilichofunikwa. Nikasema basi ndiyo hiyo hiyo! Mkubwa anafunuliwa alichoiba, mimi nafunuliwa ninachodaiwa. Tofauti ni kwamba yeye huita wanahabari akakanusha.

Na mimi nafunuliwa kila kukicha. Asubuhi makanga: "Songa, mzee, umekaa ni kama umelipia viti viwili!" Nikidai chenji yangu ya mbao, yaani shilingi ishirini, anauliza kwa sauti, "Mbao ndiyo itakujengea ghorofa?" Gari zima linacheka, hata abiria ambaye chenji yake nayo haijarudi. Huyo ndiye huniudhi kuliko makanga. Mama mboga nikimwomba sukuma wiki ya kumi, anataka kujua, mbele ya foleni, kama nyumbani watoto wamehama. Mlinzi wa jumba la maduka ananipapasa mpaka soksi, na mwenye suti aliye mbele yangu kapigiwa saluti. Najua hayo si maneno, lakini niliyasikia.

Sasa keateka. Huyo hasemi, anatangaza. Tarehe tano hata jua halijatoka, yuko kwenye ngazi: "Wewe wa juu kabisa! Nyama unanunua, kodi ya nyumba hulipi!" Na nyama yenyewe ilikuwa matumbo.

Nikamwendea kijana wa ploti yetu anayesomea sheria. Akanipa habari mbaya kwa mpangilio. Kumkashifu mtu kuliwahi kuwa jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, ila Mahakama Kuu ilikifuta mwaka 2017. Kutukana watu hadharani kwa nia ya kuzua fujo bado ni kosa, kifungu cha 94, jela isiyozidi miezi sita. Nikaanza kutabasamu.

"Lakini keateka hakukutukana, mzee."

"Basi nimdai fidia. Ameniharibia jina."

"Una deni la nyumba?"

"Ninalo, lakini kidogo."

"Basi alilosema ni kweli, na ukweli ni utetezi."

Hebu niambieni, sheria hiyo ilitungiwa nani? Yaani ili nikashifiwe nikapate fidia, sharti kwanza nilipe kodi! Na nikishalipa, keateka atanitangazia nini?

Jioni simu ikalia. Keateka ameweka orodha ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp la ploti, kwa herufi kubwa, na mimi ndiye wa kwanza, na kiasi ameongezea juu. Uongo huo! Nilishuka ngazi na lapa mguu mmoja tu, nikamgongea mwanasheria wetu: ushahidi wa maandishi huu hapa, kiasi si cha kweli, twende kortini.

Akaisoma. Akaikuza kwa vidole viwili. Akaguna.

"Mzee, jina lako wamelikosea. Kisheria, huyu anaweza kuwa mtu mwingine."