Ukiniita Juma Taja na Kazi

Jamani hebu tuongee hili swala la majina maana mi limenichosha. Naitwa Juma. La pili na la tatu sitaji hapa kwa sababu nayo ni yaleyale ya kila mtu, ukiyaweka yote matatu bado hujanipata mimi, umepata nusu ya Temeke. Nenda stendi ya Rangi Tatu asubuhi uite "Juma!" wala usipige kelele, sauti ya kawaida tu, atageuka konda, atageuka abiria anayegombania mlango, atageuka muuza karanga, na trafiki wa ng'ambo ya barabara atajifanya hajasikia ila shingo utaiona.

Na kabla hujaniuliza, hapana, sikuzaliwa Ijumaa. Nimezaliwa Jumanne, na Jumanne nalo ni jina la watu lina heshima zake, ila babu mzaa baba aliitwa Juma na babu alikuwa na ng'ombe, ikabidi. Hao ng'ombe wenyewe hata kwato sijaziona.

Sasa mtaani kwetu ukisema Juma tu hujasema kitu mpaka useme anafanya nini. Tuna Juma Fundi wa mafriji, kuna Juma Fundi wa cherehani ambaye kuepusha ugomvi anaitwa Juma Suruali, Juma Bucha, Juma Chipsi, Juma Kinyozi, Juma Ticha anafundisha hesabu sekondari, Juma Bandari ambaye hakuna anayejua bandarini anafanya nini ila akija kijiweni soda analipa yeye kwa hiyo hatuulizi, na Juma Mwanasheria ambaye sio mwanasheria, anachapa mikataba ya kupangisha vyumba pale kwenye steshenari. Kila mmoja kashika kazi yake kama jina la ukoo.

Mi naendesha kirikuu. Ungetegemea niitwe Juma Kirikuu si ndio? Haiwezekani, Juma Kirikuu yupo. Kirikuu yenyewe alishaiuza zamani, sahivi ana duka la mchele, lakini jina kalikalia. Nilimfuata kistaarabu kabisa nikamwambia kaka we sasa hivi mtu wa mchele, niachie hilo jina nipate wateja, akaniangalia kama nimemuomba figo, akasema Juma Mchele yupo Tandika sokoni tangu enzi, unataka mimi niwe Juma Mchele wa pili kwa umri huu? Basi imebaki hivyo. Mteja akitaka kuhamisha kitanda anaambiwa mpigie Juma Kirikuu, anampigia muuza mchele, muuza mchele ananipigia mimi, nabeba kitanda, nabeba na kabati, jioni nampelekea elfu tano yake. Yaani nalipa kodi ya jina ambalo ni langu. Mi mtaani naitwa "Juma yule mwingine", na kwenye simu za watu nimeseviwa hivyohivyo, nimeona kwa macho yangu kwenye simu ya shemeji yangu.

Ukitafuta chanzo utakuta ni shule. We unayeitwa Godlisten au Mwajabu huwezi kujua tabu hii. Kila hesabu ilikuwa "Juma ana maembe 12, akampa Asha 5", darasa zima linageuka kuniangalia mimi na mwalimu naye bila aibu, haya Juma, umebakiwa na mangapi, kana kwamba ninayo. Nikitoka hesabu naingia Kiswahili, "Juma anapiga mpira, mpira unapigwa na Juma", kidogo Juma kapigwa yeye, kidogo kaiba. Tulivyopanda madarasa Juma wa vitabuni akabadilisha kazi, akawa mvuvi, akawa mkulima wa shamba la mstatili, akanunua vitambaa akauza kwa faida ya asilimia 20, halafu akaenda kukopa benki kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka 3. Hiyo ya mkopo mpaka leo inaninyima raha kwa sababu kitabu kilisema tafuta riba, hakikusema kama alilipa.

Halafu ikaja 2003, Simba wakaitoa Zamalek kulekule Cairo kwa penalti, golini yupo Juma Kaseja. Zamalek ndo walikuwa mabingwa wa Afrika. Nchi nzima ilishangilia na mi nilishangilia, nilikuwa mdogo sikujua kinachokuja. Kuanzia siku hiyo kila Juma wa shule ya msingi akatupwa golini. Mi winga! Nina mguu wa kushoto mzuri tu, lakini ukifika uwanjani unaambiwa Juma kadake, wanakuvalisha soksi mikononi kama glovu, na ukifungwa unaambiwa unaliaibisha jina. Baadae Kaseja akaenda Yanga, basi Wanasimba wa mtaani wakaninunia na mimi, nimesajiliwa wapi mimi?

Watu wazima nao hawana tofauti. Mjomba wangu ni mwanajeshi mstaafu, ukikaa nae dakika mbili tu anakuletea Juma Ikangaa. Na mjomba anavyohadithia hakuachi ukapumua, mwaka 1989 Juma mwenzako yule, mwanajeshi, kashinda marathoni ya New York kwa masaa 2, dakika 8 na sekunde 1, Boston kawa wa pili mara 3 mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 kaachwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja, sekunde moja Juma! na hapo kwenye sekunde anaipiga meza mpaka chai inamwagika. Anamaliza, anafuta ndevu, anauliza, na wewe? Mi nifanyeje sasa, nikamwambia mjomba hata mi marathoni yangu naimaliza, Mbagala Posta na kurudi kwa foleni, tena kwa masaa mengi kuliko yake. Hakucheka.

Juma Ticha yeye wa kwake ni Profesa Calestous Juma, Mkenya wa kule Busia, aliyefundisha Harvard mpaka alipofariki Desemba 2017, na kabla ya hapo alishaongoza sekretarieti ya ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa bayoanuwai. Ticha akimtaja anavua kofia. Na hapo nikwambie kitu, magharibi ya Kenya Juma ni jina la mtu yeyote tu, nimewahi kukutana na dereva wa semi wa Bungoma hapa Kurasini anaitwa Juma, nikampa salamu aleikum kwa furaha ya undugu, akanijibu Bwana asifiwe na kwaya ameiwasha humo ndani ya kichwa cha gari spika zote.

Mtu mwenye wajina wakubwa mnasema ana bahati. Bahati gani? Miaka yote ambayo Jaji Mkuu wetu alikuwa Profesa Ibrahim Hamis Juma, 2017 mpaka 2025, mi nikisimamishwa barabarani afande anasoma leseni, anatabasamu, eh, Juma, una undugu na Jaji Mkuu nini? Nami natabasamu, nasema labda kwa mbali afande. Tunacheka wote wawili. Halafu anaandika elfu 30 ileile. Na nyumbani ndo usiseme, 2025 Juma Jux yule mwanamuziki kaoa Mnigeria, harusi haiishi, leo wako Dar, kesho wako Lagos, nguo zinabadilishwa kila ukipepesa macho, na mama watoto simu iko usoni kwangu, "muone Juma mwenzio". Juma mwenzangu wapi? Mi harusi yetu ilikuwa na turubai la kuazima na mvua ikanyesha.

Lakini hao wenye majina makubwa hawajanila hela. Alonila hela ni Juma asiyejulikana. Zile meseji mnazijua, "ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja Juma nani nani". Wewe ukiipata unacheka unafuta. Sasa imemfikia shangazi yangu Muheza, na jina lililokuja ni la kwangu, la kwanza na la pili, herufi kwa herufi. Kanipigia jioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, umeiona?"

"Nimeona nini?"

"Si ile elfu hamsini uliyoomba, na ya kutolea nimeweka."

Nikakaa chini. Nikamwambia shangazi mbona hukunipigia kwanza? Akaja juu, nikupigie ya nini wakati jina limekuja lako, kwani mi sijui kusoma? Nikaanza kumuelewesha taratibu kwamba kuna Juma mwingine huko alikosajili laini, jina moja, mtu mbalimbali. Akanyamaza. Akafikiria. Akauliza kwa upole kabisa, "Sasa huyo Juma mwingine anafanya kazi gani?"

"Ndo hiyo shangazi. Ndo kazi yake."

Mpaka leo najua moyoni anaamini hela nilikula mimi.

Ila kilichonimaliza ni usaili. Niliomba kazi ya udereva serikalini, Dereva Daraja la II, vyeti ninavyo, leseni safi. Majina ya walioitwa yakatoka, pidiefu ndefu mpaka simu inapata moto, nikaandika majina yangu matatu kwenye kutafuta, nimo. Nikashuka, nimo tena. Nikashuka, Afisa Hesabu Daraja la II, nimo. Mpima Ardhi, nimo. Daktari wa Mifugo, nimo! Kwa dakika moja pale kitandani nilijiona msomi wa ajabu, nikamuonesha mama watoto, akasema kumbe ulikuwa unanificha.

Dodoma nikaenda. Mlangoni dada mwenye karatasi akaita jina, tukaitika "naam" watu kadhaa kwa pamoja kama tumefanya mazoezi. Akasema nimeita mtu mmoja. Jamaa mwenye suti ya kijivu akamjibu, ndo sisi. Yule dada akavua miwani, akatutazama mmoja mmoja, akatuambia kaeni hapo kwenye benchi niende kuuliza. Tukakaa. Benchi zima jina moja.

Sikilizeni, pale nilijifunza watu wanavyoteseka kimyakimya. Juma wa mifugo anasema usiku wa manane anapigiwa simu, kesho tuna kitchen pati uje na spika mbili na maiki, kwa sababu huko kwao Juma maarufu ni emsii, siku moja kapokea simu kama hiyo akiwa na mkono wote ndani ya ng'ombe anazalisha, ikabidi amwambie mtoto wa mwenye ng'ombe amshikilie simu sikioni. Juma wa hesabu, kijana msafi, faili lake limepangwa kwa rangi, kanyimwa mkopo wa kiwanja kwa sababu kuna Juma mwingine alikopa akapotea. Na Juma mpima ardhi akageuza shingo kwa hasira, akasema we bora hukupata kiwanja, mi kwetu kuna Juma dalali kauza kiwanja kimoja kwa watu watatu, wote watatu wanakuja kwangu na panga kwa sababu wameambiwa wamuulize Juma wa viwanja. Mi nikaeleza ya kirikuu na elfu tano ya muuza mchele. Wakacheka mpaka dada akatoka kutunyamazisha, na mi roho iliniuma kidogo maana nilidhani shida yangu nayo ni nzito.

Tulikuwa madereva wawili. Mwenzangu katokea Kigoma, mpole, hata hakuchangia maongezi, alikuwa anakula ndizi. Tukatenganishwa kwa tarehe za kuzaliwa, na humo ndani mzee wa meza akaniuliza mwaka nilioanza kuendesha basi la abiria, nikamwambia mzee wangu basi sijawahi, akaangalia karatasi, akaangalia mimi, akasema ah, wewe ni yule mwingine. Nimesafiri mpaka makao makuu ya nchi kwenda kuitwa jina langu la Mbagala.

Matokeo yalivyotoka dereva alikuwepo Juma mmoja tu. Kapata yule wa ndizi. Pidiefu iliingia mtaani kabla sijaamka, mlangoni Juma Bucha, Juma Kinyozi, Juma Suruali mwenyewe na futi yake shingoni tayari kunipima sare, hongera mtumishi, hongera. Nikaeleza. Hakuna aliyesikiliza. Soda za kijiwe kizima siku hiyo nimenunua mimi kwa ajira ya mtu wa Kigoma, na muuza mchele alivyosikia nimepata serikalini akaanza kuwapa wateja wangu kijana mwingine. Anaitwa Juma.

Kwa hiyo huyu wa kwetu alivyozaliwa mwaka huu nikasema hapana, huyu mwanangu haitwi Juma hata babu afufuke na ng'ombe wake mkononi. Nikatafuta jina la maana, nikampa Zulkarnaini. Cheti kimetoka kimeandikwa vizuri kabisa. Mtaani nani ana muda wa kutamka Zulkarnaini na jua hili? Wiki haijaisha keshaitwa Juma Mdogo. Jana napita dukani mwenye duka ananiita, mzee, Juma Mdogo anadaiwa mkate na soda. Nikamwambia mwanangu hana hata jino, soda anaifanyia nini? Kafungua daftari, kaweka kidole, "hapa imeandikwa Juma Mdogo, sasa ni nani?" Nyuma yangu kuna foleni, watu wanataka unga, na wawili humo nawajua wanaitwa Juma na wote wanaangalia dari.

Mkate nimelipa. Soda nimekataa.