Wote 46 Wapo, Madam Ndo Hayupo

Jamani mwenzenu hapa nimejifungia chooni, maana ndo chumba pekee cha nyumba hii chenye komeo, na hata humu Kadogo kapitisha vidole chini ya mlango ananiuliza mama unafanya nini. Mtoto wa miaka mitatu anataka ripoti, jumapili asubuhi.

Iko hivi. Mi nafundisha baiolojia, sekondari, shule siitaji maana mkopo wangu wa kiwanja bado unadai. Kila mwaka kidato cha pili wanaenda ziara ya mafunzo, na basi likibeba wasichana lazima awepo mwalimu wa kike. Walimu wa kike tupo saba. Siku mkuu wa shule alivyoingia ofisini kuuliza nani ataenda na watoto Mikumi, huyu ana kikoba jumamosi, huyu mgongo, huyu mjamzito wa miezi miwili (na huo ujauzito una miezi miwili tangu mwezi wa tatu), mwingine akabeba chaki akatoka mbio kwenda kufundisha na hata kipindi hakuwa nacho. Nimekuja kuinua kichwa kwenye madaftari ofisi nzima inaniangalia mimi. Mkuu akasema, "Madam, wewe una watoto nyumbani, umeshazoea." Yaani kuzaa kwangu ndo imekuwa cheti.

Nyumbani nako dada wa kazi hayupo, kaenda Singida kumzika bibi yake, bibi wa tatu huyo toka aanze kazi kwangu na mi naogopa kuuliza ukoo wao umekaaje. Mama mkwe naye kaja toka Korogwe, amesema anakaa wiki moja, hii ni ya nne. Baba Brayani nilivyomwambia jumamosi sipo akanijibu, "Nenda tu mke wangu, mimi si nipo." Kweli yupo. Hata kabati lipo.

Sasa tuje kwenye kisado maana kesi yote ipo hapo. Ukisafiri na watoto lazima wawepo wa kutapika, hilo halina mjadala, na zamani tulikuwa tunabeba rambo tu, mtoto anamaliza shida zake unafunga fundo safari inaendelea. Serikali ikapiga marufuku rambo tarehe 1 Juni 2019, sawa, mazingira, mi mwenyewe nafundisha mazingira siwezi kupinga, ila hii mifuko mbadala waliyotuletea mwenye kuibuni hajawahi kukaa siti moja na mtoto aliyekunywa chai ya maziwa saa tisa usiku. Inapitisha! Mwaka juzi ilipitisha kwenye sketi yangu Kibaha nikafika nayo hivyo hivyo mpaka Bagamoyo, na Kibaha hata sio njia fupi ya kwenda Bagamoyo, ndo suka alipotupitisha. Kwa hiyo safari hii nikasema sirudii kosa. Nikaingia jikoni gizani, nikachukua kile kisado tunachopimia unga, nikatia kwenye begi na ndimu nane za kunusa, nikaondoka. Roho ilinisuta kidogo. Kidogo tu.

Saa saba usiku nimeamka, nimekanda chapati za njiani, nimepasi yunifomu za jumatatu kabisa maana najua nikirudi nitakuwa maiti, nimeandika karatasi nikabandika kwenye friji, dawa ya kikohozi ya Kadogo kijiko kimoja asubuhi kimoja usiku, Neema ana mafundisho kanisani saa nne, Brayani asiguse simu. Saa kumi alfajiri niko getini kwa shule nahesabu watoto. Arobaini na sita. Mlangoni mwa basi nahesabu tena, arobaini na sita. Wazazi wamejazana nje kama tunaenda vitani. Mmoja kanipa sweta, mmoja kanipa namba ya daktari, mmoja kaniambia mwanaye hali yai ila keki yenye yai anakula. Mwenzangu wa safari ni Sir wa Jiografia, kijana hana mke hana mtoto, kaja na miwani ya jua. Saa kumi alfajiri. Miwani ya jua.

Wa kwanza katapika Mlandizi. Wa pili akamwangalia wa kwanza, akatapika. Mpaka Chalinze kisado kimeshafanya kazi mara nne na ndimu zimebaki mbili, Sir yuko siti ya mbele anajipiga selfi na mawio. Trafiki naye alitusimamisha, akapanda, akaangalia kibali, akahesabu watoto, akahesabu mikanda, akamsalimia Sir, "Habari za kazi mwalimu." Mi nimesimama katikati ya basi na kisado mkononi akanipita kama nguzo. Labda alijua mi ndo konda.

Mikumi pazuri sikatai. Mnaopita kwenda Iringa au Mbeya mnapajua, barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kama kilomita hamsini hivi, unaona swala na twiga bila hata kulipa kiingilio, na kuna vile vibao vya faini, kila mnyama na bei yake, ukimgonga unalipa kwa dola. Watoto wakawa wanasoma kwa sauti, tembo kiasi gani, twiga kiasi gani, nyani kiasi gani. Nikasoma kibao chote mpaka chini nikaona mwalimu hayumo.

Mwongoza wageni akatuambia hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na jina limetokana na ile miti ya mikumi, na watoto wanaandika kweli maana niliwatisha kuna mtihani. Pundamilia tumeona, nyati tumeona, kwenye bwawa la viboko tumeona migongo. Nyumbu alivyotokea mtoto mmoja akasema, "Madam, mbona kama ng'ombe wa bibi kakonda?" Simba wakamtafuta sana, mwishowe wakaonyeshwa sikio kwenye majani, na binti mmoja wa nyuma akamwita simba psii, psii, kama paka. Hiyo psii imenizeesha miaka miwili.

Na katika kilomita zote hizo 3,230, nyani mmoja kaamua chapati zangu ndo zake. Tumekaa pale wanaporuhusu kula, nimegawa, nimehesabu arobaini na sita, kila mtu kapata, ndo nakaa na mimi mara ya kwanza toka saa saba usiku, nimefungua hotpoti hivi, mkono wenye manyoya ukapita mbele yangu. Haraka hata hakuna. Kachukua mbili, akaangalia, akarudi kuchukua ya tatu. Mwongoza wageni akanigombeza MIMI, eti mwalimu hairuhusiwi kulisha wanyama.

Mle ndani mtandao ulikuwa hamna, sasa tunatoka getini simu ikashika. Ujumbe wa kundi la wazazi 93. Madam watoto wamekula? Madam tuma picha. Madam mbona kimya? Madam Derick amevaa soksi? Chini ya hapo simu za Baba Brayani, kumi na saba. Mwenzenu miguu iliisha. Simu kumi na saba mume hapigi bure, nikajua Kadogo kaanguka kisimani, na kwetu hata kisima hakuna. Nikapiga natetemeka, akapokea ametulia kabisa, nasikia mpira kwenye redio.

"Mama Brayani, kile kisado cha kupimia unga umeweka wapi?"

Nikanyamaza.

"Mama anataka kukanda maandazi anasema bila kipimo chake hawezi. Tumetafuta jikoni, uvunguni, mpaka kwa jirani. Halafu umeme umekatika."

"Umekatika au luku imeisha?"

"Kuna tofauti gani?"

Nikanunua luku niko ndani ya basi, nikamtumia tarakimu ishirini, akaniandikia kuwa mashine inakataa, kumbe anabonyeza rimoti ya king'amuzi. Kuhusu kisado nikamwambia mwambie mama nakuja nacho. Akajibu poa. Hakuuliza kwanini mke wake kasafiri na kipimo cha unga mpaka mbugani. Miaka kumi na sita ya ndoa.

Tukaingia Msamvu saa moja usiku, dereva akaegesha kwenye sheli moja hivi watoto waende msalani. Nikawashusha, nikawahesabu, nikawapandisha, nikawahesabu, arobaini na sita, nikamwambia Sir naenda hapo nyuma kwenye koki nisafishe hiki kitu maana kimeshaanza kuongea. Akanionyesha dole gumba. Nikaomba sabuni ya unga kwa binti wa sheli, nimechuchumaa nasugua, ndani nimemaliza upande mmoja nageuza wa pili, nasikia injini. Nikasema hilo basi la watu wengine. Nikasugua. Nikageuka kuangalia, kwenye ile nafasi ya basi letu amesimama mbuzi.

Nilikimbia jamani. Mwanamke wa kilo tisini na mbili na kisado chenye povu, nakimbia barabara ya Morogoro napiga kelele "wanafunzi wangu!" na watu wa Moro wananiangalia kwa huruma ile ya kumwangalia mtu aliyeacha dawa. Simu yangu ipo ndani ya basi, kwenye chaji. Pochi ipo kwenye basi. Nikamkamata kijana wa bodaboda nikamwambia fukuza basi lile, akaniuliza, "Mama, ni mume yumo?" Nikamwambia fukuza tu mwanangu. Helmeti hamna, mi nimekumbatia yeye, kisado kimekaa katikati yetu, maji ya povu yanamchuruzika mgongoni analalamika nimemmwagia nini na mi sina moyo wa kumwambia.

Tumelikuta maeneo ya Nanenane limepaki pembeni, hazadi zinawaka. Nikajua wameniona sipo wamenisubiri, machozi yakanilenga, nikasema kumbe wananipenda hawa watoto. Naingia mlangoni Derick amekaa ngazini kashika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na basi zima likapiga kelele, "KISADO HICHO!"

Nikampa. Nilipomuuliza Sir ilikuwaje akaniambia, tena bila wasiwasi, "Madam nilihesabu kabisa, wote arobaini na sita wapo." Dereva akasema yeye aliambiwa hesabu imetimia. Derick ndo aliyesimamisha basi, akaulizia kisado, wakasema anacho Madam, ndo mtu akauliza, Madam yuko wapi? Nikaazima elfu tano kwa mwanafunzi kumlipa bodaboda. Kijana yule mpaka anaondoka anajinusa.

Nimefika nyumbani saa sita na nusu usiku. Vyombo vya siku nzima vimepangwa kwenye sinki vizuri kabisa, kwa ukubwa, ila havijaoshwa. Kadogo kalala na viatu. Ile karatasi ya friji chini kuna mtu kaandika kwa kalamu nyekundu "sawa". Sikusema na mtu. Kisado kile kilichoshwa nusu, halafu Derick akakitumia, halafu Chalinze nikakimwaga na kukisuuza juu juu na maji ya kunywa. Nikakifunika kibarazani nikisema kesho asubuhi nakichemsha, nakipiga dawa, au natupa kabisa nanunua kingine kisirisiri. Nikalala.

Nimeamshwa na harufu. Harufu nzuri, ya iliki. Nikatoka na kanga, mama mkwe yuko jikoni ana furaha sijawahi kumwona nayo toka anipokee ukweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, pole na safari. Kisado nimekiona kibarazani, kumbe ulinirudishia. Nimekipangusa na kitambaa nikapimia unga fasta, hawa wameamka na njaa."

Nikaangalia meza. Brayani ana andazi kila mkono. Neema anachovya kwenye chai. Baba Brayani, ambaye kwa mdomo wake alishaniambia maandazi ya mama yanakabaga, ananiambia leo yamekubali, yana ladha fulani hivi, na ameshakula saba.

Mlitaka nifanyeje? Nikasema naenda chooni mara moja. Nina nusu saa humu. Derick mama yake kanitumia ujumbe eti mtoto karudi bila soksi moja. Kadogo katoa vidole, sasa anasukumia kitu chini ya mlango, kimekwama, naona sukari. Na baba yake ananiita huko mezani.

"Mama Brayani! Yamebaki manne, tukuwekee?"

Nimemwambia leo nimefunga.