Kituo cha mazungumzo Bukavu: nani mwenyeji, nani mgeni?

Kila semina ya amani ikimalizika hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wazo lilelile hurudi kwenye mapendekezo: tufungue kituo cha masomo, Wakristo wajifunze Uislamu na Waislamu wajifunze Ukristo, kwa vitabu na walimu badala ya uvumi. Mimi naliunga mkono. Ila nimekaa kwenye semina hizo vya kutosha kuelewa kwa nini baadhi ya mashehe hutikisa kichwa.

Moja ilifanyika katika ukumbi wa paroki, ratiba imechapwa vizuri, mapumziko saa kumi. Alasiri ikaingia yapata saa tisa na robo. Wazee Waislamu kutoka mtaa wa Kadutu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wakiulizia maji na mahali pa kutandika mkeka. Mmoja alisali barazani, kando ya kreti za soda. Waliporudi, mapendekezo yalikuwa yameshasomwa na kupigiwa makofi. Hakuna aliyewadharau. Walikuwa wageni tu, na mgeni hapangi ratiba.

Ugeni huo una asili yake. Uislamu uliingia Maniema, magharibi mwa Kivu, na misafara ya akina Tippu Tip, Kasongo ikawa mji wake, mpaka vita vya 1892–1894 vilipovunja nguvu za Waarabu na Wangwana, yaani Waafrika Waislamu waliofuatana nao. Mwaka 1906 dola ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, ikafunga mkataba na Vatikani: misheni zikapewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Mzazi Mwislamu akabaki na njia mbili, mtoto asome na pengine arudi nyumbani na jina la ubatizo, au abaki chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Wengi walichagua chuo, na watoto wao wakakosa vyeti na kazi za ofisini. Ndiyo maana mjukuu wao akisikia watu wa kanisa wanajenga kituo cha masomo, hushtuka kwanza. Hata ile taasisi ya kipapa ya masomo ya Kiarabu na Kiislamu iliyoko Roma tangu 1964, ambayo leo inaheshimika, ilianzia Tunis mwaka 1926 mikononi mwa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, ndugu wa waliohubiri huku Kivu, ili kuwaandaa wamisionari. Tamko la Nostra Aetate, ambamo Kanisa Katoliki lilisema linawatazama Waislamu kwa heshima, lilikuja 1965.

Wakristo nao wana kidonda. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste Kasindi, Kivu Kaskazini. Julai 2025 waumini waliuawa usiku kanisani Komanda, Ituri. Mkono ni wa ADF, waasi wenye asili ya Uganda waliojiunga na Dola la Kiislamu. Mchungaji wa kanisa la uamsho akiuliza mazungumzo yatamfufua nani, simwiti mbaguzi. Lakini Mei 2021 maimamu wawili waliokuwa wakiikemea ADF hadharani waliuawa, mmoja Beni mjini, mwingine Mavivi jirani yake. Nimewauliza Wakristo wengi habari hiyo; ni wachache mno waliokuwa nayo. Kwa hilo peke yake kituo kingekuwa na kazi.

Kuna wanaosema hatuhitaji kituo kwa sababu tunaishi pamoja tayari. Ni kweli, kwenye karamu ya Mkristo hapa huitwa Mwislamu ashike kisu, achinje mbuzi, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Ujirani huo naupenda. Tatizo ni kwamba hukosa la kusema siku binti Mkatoliki wa mtaa wa Bagira anapoposwa na kijana wa msikitini.

Shehe atamwambia kijana kwamba ndoa yaruhusiwa, maana Kurani inampa Mwislamu ruhusa ya kuoa mwanamke wa Watu wa Kitabu, na watoto watakuwa Waislamu. Padri atamwambia binti kwamba bila ruhusa ya askofu ndoa hiyo si halali, na ili aipate lazima aahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Kila upande umeshamchukua mtoto ambaye hajazaliwa. Mambo yakigeuka, binti akiwa Mwislamu na kijana Mkristo, mlango wa msikiti haufunguki kabisa. Sijawahi kuona semina ikigusa jambo hili. Tunasoma aya za amani, tunapiga picha, tunagawiwa transpoti, yaani nauli.

Kwa hiyo kituo nakitaka, lakini somo la kwanza liwe ndoa, na padri na shehe waifundishe wakiwa chumba kimoja, mbele ya vijana wenye maswali. Shehe awe mwalimu anayelipwa sawa na mwenzake, mwenye sauti katika kuchagua vitabu. Na muhula wa kwanza ufanyike kwenye uwanja wa madrasa Kadutu, padri ndiye aulizie pa kukaa, na ratiba isimame alasiri ikiingia.