Anayeanza poka ajifunze kushuka

Kila anayeanza kucheza poka, mchezo wa karata wa pesa, mtandaoni huuliza swali lile lile: nikiwa na kiasi gani ndipo nipande meza kubwa? Ni swali la haki, ila kwangu mimi si la kwanza. La kwanza ni hili: mtaji ukipungua hadi wapi ndipo nishuke? Wengi niliowaona wakikaukiwa walikuwa na hesabu ya kupanda kichwani, safi kabisa. Ya kushuka hawakuwahi kuiandika popote.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kwenye tovuti nyingi, meza ya chini ni ile ya dau la lazima, ambalo wachezaji wawili huweka kwa zamu kabla ya kuona karata, la senti 1 na senti 2 za dola, na kiingilio chake kamili, yaani pesa unazokaa nazo mezani, ni dola 2. Mwenye dola 50 ana viingilio 25 vya meza hiyo. Akirukia ya senti 5 na 10, ambako kiingilio ni dola 10, anabaki na vitano. Akijiona bingwa akaingia ya senti 10 na 25, ana viwili tu. Karata ni zile zile 52, kopa, uru, shupaza na pau, lakini bahati mbaya ambayo kule chini ni kero tu, huku juu inakumaliza. Wazoefu husema uwe na viingilio 20 hadi 30 kwa meza za kawaida, na kwa mashindano hata 100, maana kwenye mashindano mtu anaweza kucheza vizuri wiki nzima asiambulie kitu.

Tuitazame hiyo bahati mbaya kwa karibu. Umegawiwa ree mbili. Mwenzako ana kingi mbili. Mezani, katika zile karata tano za wote, haijafunuliwa hata moja, na nyote mmeshasukuma pesa zote katikati. Umefanya kila kitu sawasawa. Hata hivyo, karibu mara 18 katika 100 utapoteza. Zinafunuliwa karata tatu, hamna kitu. Ya nne, hamna kitu. Ya tano, kingi wa uru: mwenzako sasa ana kingi tatu, na zinashinda ree zako mbili. Dola 2 zimekwenda. Sasa angalia kidole kinaelekea wapi. Kitufe cha kutoka kinapitwa, kidole kinakwenda kwenye orodha ya meza na kusimama kwenye zile za dola 10, kwa kuwa kule dola 2 zinarudi kwa mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata. Mtaji unafia hapo. Kingi wa uru alichukua dola 2 tu.

Wanaobeti mpira hawahitaji kuelezwa tabia hii: mkeka wa jioni ukichanika, wa usiku unawekewa dau mara mbili ili kurudisha. Poka ya mtandaoni inazidi ubaya kwa sababu hakuna dakika 90 za kupoa. Mkono mwingine unagawiwa papo hapo.

Mfano ninaoupenda katika jambo hili ni wa Chris Ferguson, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2006 aliamua kuanza na sifuri, sifuri kweli, kwenye tovuti ya Full Tilt: acheze mashindano ya bure hadi apate vijisenti, kisha avikuze hadi dola 10,000. Alifika mwaka 2007. Mwanzoni alirudi patupu mara kadhaa, na huyo ni mtu aliyewahi kushinda dola milioni 1.5 kwa shindano moja.

Kanuni zake zilikuwa chache. Kwenye meza za kawaida, kiingilio kisizidi asilimia 5 ya mtaji. Kwenye mashindano ya meza nyingi, kisizidi asilimia 2. Aliacha mwanya mdogo kwa michezo ya bei ya chini kabisa, la sivyo asingeweza kuanza. Hizo mbili kila mtu anazinukuu. Ya tatu haitajwi sana, na mimi naiona ndiyo yenye akili zaidi: katika meza isiyo na kikomo cha dau, pesa zake za mezani zikizidi asilimia 10 ya mtaji wote, anainuka zamu yake ya dau la lazima inapofika. Yaani anaondoka akiwa ameshinda! Mwenye dola 50 aliyekaa na dola 2 zikawa 5 na ushee, huyo safari yake imekwisha kwa meza hiyo. Inauma, maana ndio wakati mtu anajisikia hashikiki. Lakini kwa kuwa zote zinaweza kwenda kwa mkono mmoja, kanuni inahesabu kilicho mezani, haijali umekipataje.

Na asidanganywe mtu kwamba nidhamu ya mtaji ni ufundi wa kucheza. Tovuti inakata chake, mara nyingi karibu asilimia 5 ya pesa za katikati, na asiyejua kutupa karata mbovu atapoteza tu, ila polepole. Upande wa pili, ufundi bila nidhamu tumeuona kwa Stu Ungar. Alitwaa ubingwa wa dunia 1980, 1981 na tena 1997, na hiyo mara ya mwisho kiingilio cha dola 10,000 alilipiwa na mtu mwingine. Mwaka uliofuata alifariki katika moteli ya bei rahisi Las Vegas, hana kitu. Karata zilimpa, farasi, kubeti na dawa za kulevya vikachukua.

Kwa anayeanza na dola 50, mimi ningeandika hivi kabla ya kufungua meza: mtaji ukikua nikapanda meza ya kiingilio cha dola 5, kisha ukashuka chini ya dola 75, narudi ya dola 2 siku hiyo hiyo, bila mjadala. Pesa ya mchezo isikae kwenye laini moja na ada ya watoto. Ikiisha, hakuna kuongeza hadi mwezi mwingine.

Halafu kuna kutoa pesa kwenye tovuti. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walizikamata anwani za tovuti kubwa za poka, Full Tilt ikiwemo, na baadaye ikadhihirika kwamba kampuni ya Full Tilt haikuwa na pesa za kuwalipa wateja wake wote. Ferguson, yule yule wa asilimia 5, alikuwa mmoja wa wakurugenzi. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa mwaka 2014. Kwa hiyo dola zako 50 zikifika 100, toa 30 uone kama tovuti inalipa na inachukua siku ngapi. Zile 70 zinazobaki bado ni viingilio 35 vya meza ya dola 2.